Gegedu la PVA: jinsi ya kulitengeneza na kulitesa kwenye maabara ya shule

Ukiwa mlezi wa klabu ya sayansi hapa Mbeya, msimu wa maonyesho ukikaribia unajua kabisa utaletewa nini: volkano ya magadi na siki, betri ya ndimu, na kinu cha upepo kisichowasha hata globu ya tochi. Sina ugomvi na volkano. Lakini ipo kazi nyingine inayofanyika kwa vifaa vya maabara ya kawaida, inayohusu jambo ambalo karibu kila nyumba kuna mtu analilalamikia, yaani magoti, na inayomfikisha mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye swali ambalo watafiti wakubwa bado wanalikunia kichwa. Utatengenezaje kitu laini, kilichojaa maji, kinachoteleza, ambacho bado kitambeba mama anayeteremka milima ya Umalila na debe la viazi kichwani, leo, kesho, na miaka yote ijayo?

Kitu chenyewe kinaitwa haidrojeli: wavu wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, ulioshika maji. Tutapika ya PVA, yaani polivinaili alkoholi, tuikomaze, kisha tuitese mpaka ituoneshe udhaifu wake. Niseme mapema kabla hujaenda mbali: hii tunayotengeneza ni ya mezani. Haiingizwi mwilini, haipakwi kwenye kidonda, haichomwi kwa sindano. Jirani yangu aliposikia tu, aliniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo si uniwekee kidogo hapa gotini?" Nikamwambia, "Shangazi, hii ikikugusa ndani utanichukia mpaka kaburini."

Anza na goti lenyewe

Wengi wanakimbilia kupika jeli kabla hawajaona wanachoiga. Nenda bucha asubuhi, siku ng'ombe amechinjwa, uombe ungio la goti zima. Sisitiza lisipigwe shoka, maana mkono wa muuza nyama umezoea kupasua mfupa wa supu kabla hujamaliza sentensi. Kijana wa bucha ninaponunua pale Mwanjelwa aliniuliza, "Madam, sasa hili utalipikaje?" Nikamjibu sipiki, nachungulia. Hakikisha nyama ina muhuri wa mkaguzi, vaa glovu, na goti likishafanyiwa kazi maabara lisirudi tena jikoni.

Kata mishipa inayoshika ungio kwa kisu kikali, taratibu, mpaka mifupa miwili iachane. Utaona ute kidogo wa njano hafifu unaovutika kati ya vidole, na mwisho wa kila mfupa umevikwa ngozi nyeupe inayong'aa, yenye ubuluu kwa mbali. Hilo ndilo gegedu. Pitisha kidole kilicholowa juu yake na utaelewa kwa nini watafiti hawalali. Sasa bonyeza kwa ukucha, ushikilie ukihesabu mpaka 20, uachie. Alama inabaki. Ukiendelea kuitazama inajaa polepole mpaka inapotea, kwa sababu ulichofanya ni kusukuma maji yatoke, na sasa yanarudi. Wape wanafunzi wote nafasi ya kufanya hivyo. Darasa zima la maelezo halifikii jambo hilo moja.

Kisha mwombe fundi seremala msumeno, mkate mfupa kwa urefu kupitia gegedu. Ukiosha uso wa mkato utaona gegedu ni tabaka la milimita chache tu, halafu mstari mwembamba mgumu, halafu mfupa wenye vitundu. Kumbuka mstari ule. Tutaurudia, na ndio utakaotutoa jasho.

Gegedu kwa uzito ni maji kwa asilimia 65 hadi 80. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni, molekuli zenye sukari zinazovuta maji, na seli chache. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ndiyo maana likichakaa halijirudishi, na ndiyo maana mtu huanza kusikia maumivu wakati kazi imeshaharibika. Mtaani tunasema ute wa goti umekauka. Mara nyingi ute upo, tena goti jingine linajaa maji, kilichoisha ni hili tabaka jeupe. Msuguano wake ni mdogo ajabu: namba yake huwa 0.01 au hata chini ya hapo, wakati Teflon ya vikaango ni kama 0.05 hadi 0.1. Na mzigo nao si mchezo. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya nyonga bandia yenye vihisio ndani ya mgonjwa aliye hai: kuinuka tu kwenye kiti kulileta shinikizo la megapaskali 18, yaani kama kilo 180 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Kuinuka kwenye kiti, hapo hajabeba debe.

PVA ipi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, kwa hiyo soma polepole. PVA tunayoitaka ni polivinaili alkoholi, unga au chenga nyeupe, unaagizwa kwa wauza kemikali za maabara. Gundi nyeupe ya mbao iliyoandikwa PVA kwenye kopo kwa kawaida ni polivinaili asetati, ndugu yake tu. Ukiigandisha hupati haidrojeli, unapata gundi iliyoharibika.

Hata polivinaili alkoholi yenyewe ina aina. Kwenye lebo tafuta kiwango cha haidrolisisi, yaani sehemu ya asetati iliyogeuzwa kuwa alkoholi: iwe asilimia 98 au 99. Ile ya 87 hadi 89 ni rahisi kuyeyusha, tena ndiyo wanayotumia mafundi wa faibaglasi ili kazi isinate kwenye kalibu, lakini minyororo yake ina vipande vinavyoizuia kujipanga na kushikana, na jeli itakayotoka ni legelege. Kuhusu uzito wa molekuli, chagua iliyo zaidi ya 85,000. Nusu kilo itakutosha muda mrefu na utawagawia shule jirani.

Maji tumia ya betri, yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Tazama chupa vizuri, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo.

Kupika

Pima gramu 15 za PVA na mililita 85 za maji ya baridi. Nyunyizia unga kwenye maji kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiumwaga wote kwa mpigo utapata mabonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na hayo hayayeyuki hata ukeshe. Acha ulowane kama saa moja. Pima uzito wa bika pamoja na vilivyomo, uandike.

Sasa weka bika ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, ufunike bika. Usiiweke juu ya moto moja kwa moja, itaungua chini. PVA ya asilimia 99 inataka nyuzi 90 au zaidi ndipo iyeyuke, na hapa sisi wa milimani tuna shida yetu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ndani ya bika utafika 90 au pungufu kidogo. Maelekezo yaliyoandikwa na watu wa pwani yanakwambia saa moja; wewe weka mbili, na usifunue funua. Walimu wa Matamba na juu kule karibu na Kitulo, ambako maji yanachemka kwenye 91 hivi, wawe na subira zaidi au watumie jiko la umeme lenye kikorogeo, wapime joto la mchanganyiko wenyewe.

Imeiva ukiona kimiminika ni kizito, kinaonesha hadi upande wa pili, na hakina hata chembe moja ukikiinua kwenye mwanga. Futa bika nje, pima tena uzito, na maji yaliyopotea kwa mvuke uyarudishe. Kisha acha kikae kimefunikwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yote yapande juu. Usikatishe hatua hii. Kila povu utakaloliacha ndani ndipo ufa utakapoanzia baadaye.

Mimina kwenye kalibu. Ninapenda vifuniko vipana vya makopo ya plastiki kwa diski, na kisanduku bapa cha plastiki kwa ajili ya vipande virefu vya kuvuta, unene wa milimita 5. Funika kwa karatasi ya plastiki ili uso usikauke.

Kugandisha na kuyeyusha

Weka kalibu kwenye friza usiku kucha, asubuhi itoe, iache iyeyuke yenyewe mezani mpaka jioni, irudishe. Fanya hivyo mara tatu hadi tano. Huo ndio uchawi wote, na hauhitaji kemikali nyingine yoyote. Maji yanapoganda, barafu inaisukuma minyororo ya PVA kwenye nafasi finyu zilizobaki. Kule ndani inabanana hadi sehemu zake zinajipanga na kuwa fuwele ndogo ndogo, na hizo ndizo mafundo ya wavu. Barafu ikiyeyuka, mafundo yanabaki. Kila mzunguko unaongeza mafundo mengine. Njia hii inajulikana tangu miaka ya 1970 na bado hakuna iliyo rahisi kuizidi.

Utajuaje kama friza yako ina baridi ya kutosha? Kipimajoto cha maabara zetu kwa kawaida kinaishia nyuzi 10 chini ya sifuri, hakiwezi kukusaidia. Yeyusha gramu 20 za chumvi kwenye gramu 80 za maji, weka kikombe hicho ndani ya friza usiku. Asubuhi ukikuta kimeanza kufanya barafu, friza imepita 16 chini ya sifuri na inafaa. Ukikuta ni maji matupu, kaombe nafasi kwenye friza ya duka la samaki. Kasha la barafu ndani ya jokofu dogo la ofisini mara nyingi halifiki.

Kuyeyusha kuwe polepole. Kwa hilo Mbeya ya mwezi wa 6 ni neema: chumba kina baridi, jeli inayeyuka taratibu, na jeli inayoyeyuka taratibu hutoka imara zaidi. Usiiweke juani. Umeme ukikatika usiku usiguse kitu, friza ibaki imefungwa. Uhesabu kuwa ni mzunguko pale tu ilipoyeyuka yote na kuganda upya.

Baada ya mzunguko wa kwanza utasikitika kidogo. Kingo zimeshika, zimeanza kuwa nyeupe, lakini katikati bado panatetemeka na panaacha ute kidoleni. Kufikia wa tatu diski inatoka kwenye kalibu nzima, nyeupe, unaikunja na inarudi. Isuuze kwa maji ya betri, ihifadhi humo humo. Ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka itayeyuka tena, kwa hiyo vipande vilivyoharibika usivitupe, virudishe kwenye bika.

Kuikomaza

Jeli uliyonayo sasa inateleza, lakini ukiichana kidogo kwa wembe na kuivuta, inapasuka. Kuna njia mbili za kuiongezea ukakamavu hapa hapa shuleni.

Ya kwanza ni chumvi, na chumvi ninayoipendekeza ipo kwenye kila duka la pembejeo: mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Yeyusha gramu 20 kwa kila mililita 100, chuja takataka zake kwa karatasi ya chujio, tumbukiza jeli siku nzima. Salfeti inavutia maji kwake, minyororo ya PVA inakosa maji ya kuitenganisha, inakumbatiana. Diski inasinyaa mbele ya macho yako na kuwa ngumu. Usichanganye SA na majivu, chokaa wala magadi, itatoa amonia na mtakimbia chumba. Mwaka 2021 kundi la Ximin He kule Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilichapisha kazi iliyounganisha ugandishaji wa mwelekeo mmoja na chumvi namna hii, na wakapata PVA yenye nguvu ya kushangaza. Ila jaribu jambo moja: rudisha diski yako kwenye maji matupu, uitazame kesho yake. Imevimba, imelegea. Na maji ya ndani ya goti si maji ya mbolea.

Ya pili ni kuikausha na kuioka, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Bana diski kati ya vipande viwili vya wavu wa dirisha ili isijikunje, iache kivulini mpaka ikauke kabisa na kuwa ngumu, kisha iingize kwenye oveni ya maabara, nyuzi 100, kwa saa moja. Joto linazikuza zile fuwele. Ikipoa irudishe kwenye maji ya betri. Itanywa maji lakini haitarudi kwenye unene wake wa mwanzo, na hapo ndipo bei ya ukakamavu inapoonekana: maji yamepungua. Mwambie mwanafunzi apime. Kipande kilicholowa kipimwe, kikaushwe mpaka uzito usibadilike, kipimwe tena, ajue asilimia ya maji kabla na baada ya kuoka. Jedwali hilo peke yake linatosha kumnyamazisha jaji wa maonyesho.

Mateso

Utelezi kwanza, kwa kuwa ndio rahisi. Pata kipande cha kioo cha sentimita 50 kutoka kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, wakusage kingo. Kiweke mezani, ukihakikishe kwa pima maji ya fundi kuwa kimelala sawasawa, ukilowanishe. Weka diski, juu yake jiwe la mizani la gramu 200, halafu inua ncha moja polepole mpaka diski iteleze. Kimo cha ncha ukigawanye kwa urefu wa kitako chini, hiyo ndiyo namba ya msuguano. Kumbuka kuwa kwenye kioo cha urefu huo, msuguano wa 0.02 ni kuinua sentimita 1 tu, kwa hiyo mikono isitetemeke. Linganisha na kipande cha kandambili.

Halafu fanya lile ambalo wengi hawalifanyi. Iache diski imekaliwa na jiwe la kilo 1 kwa dakika 20, kisha upime tena pale pale bila kuinyanyua. Msuguano umepanda. Mzigo ulikuwa umebebwa kwa sehemu kubwa na maji yaliyobanwa ndani. Yakishavuja, wavu wenyewe unakaa juu ya kioo. Charles McCutchen aliandika mwaka 1959 kuwa gegedu hufanya kazi kwa namna hiyo, likitoa jasho la maji linapobanwa. Goti lina bahati kwamba tunatembea: mguu ukiinuka, maji yanarudi. Rudi kwenye alama ya ukucha kwenye goti la ng'ombe, ni jambo lile lile.

Sasa ufa. Kata kipande cha upana wa sentimita 2 na urefu wa 8, uchane ukingo mmoja kwa wembe milimita 5, ubane ncha moja kwenye stendi na nyingine kwenye mizani ya springi. Vuta taratibu, na mtu mmoja kazi yake iwe kutazama ncha ya mchano tu. Kwenye jeli changa ncha inabaki kali na ufa unakimbia mara moja hadi ng'ambo. Kwenye iliyookwa, ncha inafumbuka, inakuwa duara, inakataa kusonga. Unaongeza nguvu na bado inakataa, mpaka kipande chote kimerefuka. Piga picha hapo kwa simu, ukaribu wa kutosha. Ile duara ndiyo maana yenyewe ya ukakamavu: si kwamba hakuna ufa, ni kwamba ufa hauna njia.

Aliyeufungua mlango huu ni Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, mwaka 2003. Walisuka nyavu mbili ndani ya jeli moja, wa kwanza mgumu unaovunjika upesi, wa pili mrefu na mlegevu. Ifikirie nyumba ya miti na udongo: udongo unapasuka kila mahali, fito zinashika, ukuta hauanguki. Jeli yao ilikuwa maji kwa karibu asilimia 90 lakini ilibeba megapaskali 17 kabla ya kushindwa, wakati kila wavu peke yake ulikuwa unashindwa chini ya 1. Linganisha na ile 18 ya kuinuka kwenye kiti na utaona kwa nini watu walisimama kusoma.

Mwisho uchakavu. Funga diski chini ya tofali, ivutwe mbele na nyuma juu ya msasa laini uliolowa, wanafunzi wapokezane. Kila baada ya misuguano 500 diski isuuzwe, ilowekwe, ipimwe uzito. Wanaopima viungo bandia huhesabu mizunguko kama milioni 1 kwa mwaka mmoja wa maisha ya kawaida, kwa hiyo msijidanganye kuwa mmefika popote. Na msijidanganye kuwa kinachoteleza hakichakai. Daktari John Charnley wa Uingereza, huyu aliyetupatia nyonga bandia tunazozijua, alianza na Teflon kwa sababu ya utelezi wake. Ndani ya miaka michache ilikuwa imelika, chembe zake zikaudhi tishu, ikabidi wagonjwa wafanyiwe upya. Mwaka 1962 akahamia polithini ngumu, isiyoteleza kuizidi Teflon lakini inayovumilia.

Sasa ibandike kwenye mfupa

Chukua diski yako bora kuliko zote na kile kipande cha mfupa ulichokata kwa msumeno. Kwangua gegedu litoke, safisha, kausha, halafu jaribu kubandika jeli hapo kwa gundi yoyote utakayoipata dukani. Loweka kwenye maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, mpaka kesho yake. Kisha sukuma kwa kidole gumba kutoka ubavuni.

Imetoka, sivyo? Na hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi afike, kuliko yale mengine yote. Kitu ambacho sifa yake ni kutoshikwa na chochote, utakifanyaje kishike upande mmoja tu? Gegedu la ng'ombe linafanya hivyo kwa ule mstari mwembamba mgumu ulioonekana kwenye mkato, ambapo gegedu lenyewe linaingiwa na chokaa ya mfupa na kugeuka hatua kwa hatua. Hakuna gundi pale. Magazeti yakiandika habari za jeli hizi huweka kichwa cha utelezi. Mimi ningeandika habari za kushika.

Mambo haya hayajaishia vitabuni. Marekani iliruhusu mwaka 2016 kipandikizi cha PVA cha ungio la kidole gumba cha mguu, kidogo, kinachochomekwa kwenye tundu lililotobolewa mfupani, kikishikwa na kubanwa tu. Mwaka 2024 kiliondolewa sokoni baada ya kuonekana kinashindwa kwa wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Miongoni mwa matatizo ni kuhama mahali pake na kumeguka. Benjamin Wiley na Ken Gall wa Chuo Kikuu cha Duke wamekwenda njia nyingine. Jeli yao ya 2022 ni nyuzi za selulosi zilizotengenezwa na bakteria, zikajazwa PVA, zikaokwa badala ya kugandishwa, na ikalizidi gegedu la asili kwa asilimia 26 kwa kuvutwa na 66 kwa kukandamizwa, na kustahimili uchakavu mara 3. Lakini angalia walivyoishika: hawakuibandika kwenye mfupa, waliifunga kwenye kitako cha titani, ili mfupa ushike titani na titani ishike jeli.

Mwanafunzi mwenye hamu anaweza kuiga wazo hilo: kabla ya kumimina PVA, laza kipande cha wavu wa chuma cha pua chini ya kalibu, kiingie nusu ndani ya jeli na nusu kibaki nje. Baada ya mizunguko yote jaribu kukisukuma kwa kidole gumba kama ulivyofanya kwenye mfupa. Wengine wametumia kitambaa cha pamba, na kitambaa kinashika vizuri kuliko unavyodhani. Hapo mtakuwa mnafanya utafiti wa kweli, mdogo lakini wa kweli.

Siku ya maonyesho watakuja wazee na magoti yao, na watauliza. Mfundishe mwanafunzi majibu ya uhakika: kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi kunasaidia goti lililochakaa, na kwa mwenye uzito mkubwa kila kilo 1 anayopunguza inaliondolea goti kama kilo 4 katika kila hatua. Zaidi ya hapo aende kwa daktari wa mifupa. Anayeuza sindano ya jeli ya kuotesha gegedu kutoka kwenye begi, asinunuliwe.

Mkimaliza, mabaki ya goti yafukieni kwa kina mbwa wasifukue. Maji ya SA yazimueni mara 10 na kuyamwaga kwenye majani ya uwanja, yatawashukuru. Rojo la PVA lisiende kwenye sinki, likikauka kwenye bomba mtamwita fundi. Limwageni kwenye trei, likauke, likunjwe liende na taka ngumu. Diski za kuonesha zihifadhiwe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila wiki, na kila chupa iandikwe kwa kalamu isiyofutika: mizunguko mingapi, imeokwa au haijaokwa, tarehe, na neno HAILIWI, maana watoto wa darasa la kwanza wakiiona hawataiacha.